Tumbaku ya Mfalme na Sigara ya Dukani

Mnamo Novemba 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Katika kitabu chake cha safari ameeleza kwamba aliletewa pombe na tumbaku ya kifalme. Nchi ya mfalme huyo leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Tuizingatie zawadi ile. Tumbaku ilipata heshima kutokana na mkono ulioitoa. Ndivyo zilivyo pia buni ambazo Wanyambo na Wahaya humkaribishia mgeni azitafune: thamani yake imo katika ukarimu na udugu. Nembo za ufalme nazo, wakiwemo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, hazikuwa bidhaa za sokoni. Mtu alitunukiwa heshima, hakuinunua.

Matangazo ya sigara ya karne ya 20 yaliipindua kanuni hiyo. Huko Marekani, Marlboro iliuzwa tangu 1924 ikiwalenga wanawake. Katika miaka ya 1950 wenye kampuni waliipamba kwa picha ya mchunga ng'ombe shupavu, ikawa sigara ya wanaume. Katika Afrika Mashariki ilienea Sportsman, yaani mwanamichezo, yenye kichwa cha farasi kwenye pakiti. Karagwe ilijua ng'ombe, haikujua farasi wa mashindano. Lakini farasi yule hakukusudiwa kuonyesha maisha ya mnunuzi. Alikusudiwa kumtamanisha maisha mengine, kisha kumwuzia kwa senti chache.

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sigara ilitembezwa kwa jina la mwanamichezo, ilhali tangu 1950 uchunguzi wa Doll na Hill, uliofanywa Uingereza, ulikuwa umeihusisha na saratani ya mapafu. Picha ya farasi haikulitaja hilo.

Mwaka 2003 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Hata hivyo, hila ya kuuza hadhi kwa picha ingalipo, katika matangazo ya pombe, simu na mavazi. Hatuna budi kuwafundisha vijana wetu kuisoma picha kama wasomavyo maandishi, na kuuliza mbele ya kila tangazo: heshima hii inatolewa na nani, na gharama yake imefichwa wapi?