Skuta: Aliyeiunda na Walioigeuza

Bila shaka, msomaji, umepata kuiona pikipiki ndogo yenye magurudumu madogo, ambayo mpandaji wake haipandi kama apandavyo farasi, bali huketi kama mtu aliyekaa kitini, na miguu yake ameiweka pamoja mbele yake. Chombo hicho huitwa skuta. Wako vijana katika nchi za mbali ambao huinunua skuta nzima, wakaikata, wakaishusha hata ikakaribia kugusa ardhi, kisha wakaitia matairi mapana kuliko yale iliyotoka nayo kiwandani. Wazee wengine husema huo ni upuuzi mtupu. Vijana wenyewe husema ni ufundi. Tusikate shauri upesi. Kwanza yatupasa kujua skuta ilizaliwaje, maana asiyejua kitu kilivyokuwa hawezi kukihukumu kilivyogeuzwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945, nchi ya Italia ilikuwa katika dhiki kubwa. Kiwanda cha Piaggio katika mji wa Pontedera, kilichokuwa kikiunda ndege za vita, kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Barabara zilikuwa mbovu, na watu wengi hawakuwa na fedha za kununua motokaa. Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, alitambua kuwa watu walihitaji chombo cha bei nafuu cha kuwafikisha kazini. Kazi ya kukibuni alimpa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyekuwa amekwisha kuunda helikopta.

Bwana huyu hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona kuwa ni chafu, hazina raha, na ni taabu kubadili gurudumu lipatapo pancha. Lakini chuki yake ilizaa faida. Injini aliiweka nyuma, karibu na gurudumu, ili usiwepo mnyororo wa kumrushia mtu mafuta. Gia alizileta mkononi. Mbele aliweka bamba la chuma la kuzuia matope. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono mmoja tu wa chuma, kama gurudumu la ndege, ili lipate kufunguliwa kwa urahisi. Hati ya uvumbuzi huo iliombwa tarehe 23 Aprili 1946, na chombo kikaitwa Vespa, maana yake nyigu. Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 98, na nyuma haikuwa na springi. Springi ya nyuma ilitiwa mwaka wa 1948. Likumbuke jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, skuta za Kitaliani zilipendwa sana na vijana wa Uingereza walioitwa Mods. Vijana hao walipenda mavazi nadhifu, na bamba la mbele liliwakinga wasichafuke. Walizipamba skuta zao kwa taa nyingi na vioo vingi. Mwaka wa 1964 walipigana na vijana wa pikipiki kubwa, walioitwa Rockers, katika miji ya pwani kama Clacton na Brighton, na magazeti yakapiga kelele. Hivyo chombo kilichozaliwa kwa dhiki kikawa alama ya kijana kusema, "Mimi ni mimi."

Hata hivyo, kupamba ni jambo moja, na kukata chuma ni jambo lingine. Mwaka wa 2001 kampuni ya Honda ilitoa skuta iitwayo Zoomer huko Japani. Marekani iliitwa Ruckus. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 49 tu. Fremu yake ilikuwa ya mabomba yaliyo wazi, na chini ya kiti palikuwa patupu. Mafundi walipoiona, mikono iliwawasha. Walikishusha kiti, wakatoa springi ndefu wakatia fupi, wakaisogeza injini nyuma ili tairi pana lipate nafasi bila kusugua fremu. Wengine waliitoa ile injini ndogo na kutia ya sentimita za ujazo 150.

Je, walipata nini? Chombo kirefu hutulia kiendapo moja kwa moja. Lakini kila kizuri hakikosi ila. Springi fupi haina nafasi ya kupanda na kushuka, basi kila shimo humfikia mpandaji mgongoni. Akata kona kwa kuilaza skuta, tumbo lake hukwaruza lami. Tairi pana ni zito, huidai injini nguvu zaidi, na huwa gumu kuinamia upande. Katika barabara yenye matuta na mashimo, skuta kama hiyo haifiki mbali.

Sasa tukumbuke ile springi ya mwaka wa 1948. Haikuwekwa kwa urembo, bali kwa sababu mwili wa mwanadamu uliihitaji. Mtu aikataye bila kujua hayo huirudisha skuta kwenye raha ya mwaka wa 1946, naye hudhani ameiendeleza.

Hata hivyo usidhani, msomaji, kwamba kugeuza kitu ni kosa. D'Ascanio mwenyewe alikuwa mgeuzaji: alilichukua gurudumu la ndege akalileta barabarani. Lakini alijua kila kitu kimewekwa pale kwa sababu gani, na alijua anatafuta nini badala yake. Nawe siku moja utashika kazi ya watu waliokutangulia, iwe mashine, iwe shamba, iwe sheria ya nchi. Kabla hujaondoa hata msumari mmoja, uliza kwanza: aliyeuweka aliuweka kwa nini? Ukiisha kupata jibu, ndipo uchukue nyundo.