Bega la Mpagazi: Afya na Msimu wa Safari katika Njia ya Saadani

Historia ya biashara ya pembe katika mwambao wetu imezoea kuhesabu kwa frasila. Tunaelezwa meno ya ndovu yaliyovushwa kutoka Saadani na Bagamoyo kuja Unguja, ushuru uliolipwa, na mabwana waliotajirika. Bega lililoyachukua meno hayo kutoka bara hutajwa kwa nadra, na likitajwa huwa ni kwa lawama: mpagazi kagoma, mpagazi katoroka, mpagazi kadai posho. Nimewasoma wasafiri wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa kwa kitambo sasa, na nimeona kuwa mengi waliyoyaita ukaidi yalikuwa ni elimu. Watu wale walijua mwili unaweza nini, na namna ya kuutunza ili mtu aweze kwenda bara, akarudi, na mwaka wa pili akaenda tena.

Saadani yenyewe leo ni kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, na mgeni huenda kutazama simba na ndovu wakikaribia bahari. Zama za Bwana Heri bin Juma ilikuwa bandari ya misafara inayoelekeana na Unguja, mlango wa Uzigua, Usagara na Unyamwezi, mpaka alipopigana na Wajerumani na mji ukapigwa mizinga na kuchomwa moto mwaka 1889. Wamisionari pia waliupenda mlango huo. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alijaribu kutoka Saadani kwenda Mpwapwa kwa ng'ombe, akaona njia inafaa. Mwaka uliofuata ng'ombe wa kukokota magari wakafa kwa ugonjwa wa mbung'o. Alexander Mackay wa misheni ya CMS alikata barabara ya maili 230 hivi baina ya miji hiyo mwaka 1877, nayo haikupata mnyama wa kuidumu. Mwaka 1879 wakateremshwa Msasani ndovu wanne wa kutoka India kwa gharama ya mfalme wa Ubelgiji. Nao wakafa. Kwa hiyo kila kilichokwenda au kilichotoka, kuanzia nguo na shanga hadi misumari ya kanisa na mashua za chuma zilizokatwa vipande, kilikwenda juu ya mwili wa mwanaadamu.

Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 60 hadi 70, sawa na kilo 27 hadi 32. Juu ya hapo mtu alikuwa na mkeka wake, silaha yake na chakula chake. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hii, walipenda kuchukua begani. Watu wa pwani wengi walipenda kichwani, juu ya kata ya majani au ya nguo. Mzigo usiogawika ulifungwa mtini ukachukuliwa na watu wawili, mzegazega. Wasafiri wameandika kuwa huko Unyamwezi mtoto wa kiume alifunzwa kutembea na jino dogo begani tangu utotoni, na kwamba mtu mzima alijulikana kwa sugu ya bega lake. Siku hizi neno hilo tunalitumia zaidi kwa maradhi yasiyopona na watu wasiosikia. Kwa mpagazi sugu ilikuwa cheti cha kazi.

Lugha yetu imehifadhi hatua za kazi hii kwa uangalifu mkubwa. Kuna kujitwika na kuna kutwishwa: mzigo mzito haujitwiki mtu peke yake, kwani mgongo huumia pale pa kuinua kuliko pale pa kwenda. Kuna kutua na kuna kubwaga. Anayetua huuteremsha mzigo polepole huku magoti yakikunjika; anayebwaga huuachia uanguke. Ndiyo maana nasita kila nikisikia maelezo mepesi ya jina la Bagamoyo. Wako wasemao kuwa mtumwa aliyefika hapo aliubwaga moyo wake kwa kukata tamaa, na wako wasemao kuwa mpagazi aliyefika pwani aliubwaga moyo kwa kupumzika. Mimi sina haja ya kuamua, kwa kuwa mji uliwapokea wote wawili. Nasema tu kuwa anayelitafuta jina hilo awaangalie pia waliokuwa wakitua.

Msimu ndio uliokuwa mtihani. Wanyamwezi walikuwa wakulima, nao wengi walitaka kushuka pwani baada ya mavuno, katika kiangazi, na kurejea kabla ya mvua za kulima. Maana yake ni kuwa watu waliingia njiani katika miezi ile ile, wakagombania visima vile vile na nafaka ile ile. Mwishoni mwa karne, makadirio ya wanahistoria hufikia watu laki moja kwa mwaka katika njia za kati. Katika msongamano huo mtu alijilinda kwa mwendo. Safari ilianza alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali watu walikuwa kambini. Kwenda mchana na jioni, telekeza, kulihifadhiwa kwa nyika zisizo na maji. Siku ya kwanza msafara ulitembea kidogo tu, ukalala karibu na mji: aliyesahau kitu akirudie, mizigo iliyofungwa vibaya ifungwe upya, na miguu izoee. Burton, aliyeondoka pwani mwezi Juni 1857 akafika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba, amelalamika sana juu ya ucheleweshaji wa aina hii. Wenziwe walikuwa wakiuzoeza mwili, yeye alikuwa akitazama saa.

Mbele alikwenda kirangozi, na mwendo wake ndio uliokuwa mwendo wa wote. Nyimbo zilipangilia pumzi na hatua. Mshairi atanielewa nikisema kuwa mizani ni jambo la mapafu kabla ya kuwa jambo la vina. Kambini watu walikula kwa makundi madogo, na wanawake waliofuatana na misafara, ambao vitabu vimewapita haraka, walichukua vyungu, walitafuta mboga na kupika. Anayeumwa na misuli alichuliwa kwa mafuta au akakandwa kwa maji ya moto. Maumivu yaliyokaa yalipigiwa chuku, ile pembe ya kuumikia ambayo leo tumemwachia mtia chumvi katika maneno. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ameyagusa mengi ya maradhi na dawa za pwani katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Na utani, ambao wengi huudhani ni mzaha tu, uliwafaa Wanyamwezi miongoni mwa makabila ya njiani: ulimpa mgonjwa au maiti haki ya kusaidiwa ugenini.

Nisije nikapiga chuku nami. Elimu hii haikuizuia ndui, ambayo ilifuata misafara kama mbwa, wala kipindupindu cha 1869 na 1870. Funza walipofika pwani miaka ya 1890, baada ya kulivuka bara kutoka Angola, walilemaza miguu iliyokuwa haijawahi kushindwa. Tena wapagazi hawakuwa sawa. Muungwana aliweza kuukataa mzigo uliozidi, na wenziwe wakakaa chini naye mpaka upunguzwe. Aliyekuwa mtumwa alichukua alichopewa, na akishindwa njiani, zimo habari nyingi za yaliyompata ambazo hapa si mahali pake.

Reli kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na njia za Saadani na Bagamoyo zikaota nyasi. Lakini mwaka huo huo wa 1914 vita vikawaita wapagazi upya, safari hii kwa kulazimishwa. Jeshi la Waingereza lilichukua watu wengi ambao hawakuwa na asili ya kazi hiyo, likawapa unga wa mahindi wasiouzoea, pasi na vyombo wala muda wa kuupika ukaiva, likawapeleka kwa mwendo wa askari, mvua na jua. Kuhara damu kukawamaliza kuliko risasi. Hesabu rasmi zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliozipitia baadaye wamezipandisha kufikia kiasi cha mara mbili. Kila kitu ambacho kirangozi angekataa kilitendwa: hapakuwa na siku fupi ya kwanza, wala kundi la kupikia, wala haki ya kusema mzigo umezidi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, ambako leo watu huenda kununua vitenge na simu.

Neno mpagazi halijafa. Liko Kilimanjaro, ambako vijana huwapandishia watalii mahema na chakula, na kanuni za hifadhi zimeweka kilo 20 kuwa ukomo wa mzigo wa mtu mmoja. Langoni umo mzani, na mzigo hupimwa kabla ya kupanda.