Kitambulisho cha kudumu

nm [ki-/vi-] Mfuatano wa tarakimu, herufi au alama unaopewa makala, kitabu, hukumu au hati nyingine ya mtandaoni ili iendelee kutambulika na kupatikana hata inapohamishwa kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Neno kitambulisho, litokanalo na kitenzi tambulisha, huwajia wengi kwanza kwa sura ya kadi ibebwayo mfukoni. Sura hiyo haipotoshi. Mtu akihama Tanga akaenda kuishi Mbeya, anwani yake hubadilika lakini namba ya kitambulisho chake hubaki ileile. Vivyo hivyo, anwani ya ukurasa hueleza mahali hati ilipo leo, ilhali kitambulisho huitaja hati yenyewe. Kwa hiyo haifai kukiita "anwani ya kudumu".

Kinachofahamika zaidi katika uandishi wa kitaaluma ni DOI, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2000 na kufanywa kiwango cha ISO mwaka 2012. Kila DOI huanza kwa 10 na nukta, kisha hufuata namba ya msajiliwa, mkwaju, na sehemu aliyoichagua mchapishaji. Kwa mfano, 10.1000/182 ni ya mwongozo wa mfumo huo wenyewe. Katika marejeo huandikwa kwa ukamilifu, https://doi.org/10.1000/182, bila nukta ya kufungia sentensi. Nukta hiyo ikinakiliwa pamoja nayo, msomaji hafiki. Herufi kubwa na ndogo hazileti tofauti.

Hukumu za mahakama zina utaratibu wa namna hiyo: mwaka katika mabano mraba, ufupisho wa mahakama, kisha namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya.

Kudumu hapa si kudumu milele. DOI huelekeza kwenye daftari la usajili, na daftari hilo hutegemea watu. Mchapishaji akihamisha jarida bila kusahihisha anwani zilizosajiliwa, DOI iliyo halali kabisa humfikisha msomaji kwenye ukurasa usiokuwepo, na makala iliyotajwa katika tasnifu kadhaa huwa kama haikuandikwa. Ndiyo sababu mwandishi mwangalifu haachi kutaja pia jina la mtunzi, mwaka, kichwa cha makala, na toleo la jarida.