Kinyozi Hajinyoi? Mashine ya Babu Yasema Vingine

Wazee wetu walisema kinyozi hajinyoi. Methali hiyo ni ya zama ambazo wembe ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, kikanolewa juu ya jiwe na kukabidhiwa mtu mwenye mkono mtulivu. Aliyenyolewa alikaa chini, akainamisha kichwa na kumwachia mwenzake shingo yake. Wembe si kitu tulicholetewa na wageni. Neno lenyewe ni letu, na hapa pwani watoto wamenyolewa nywele za akika kwa vizazi na vizazi. Tulicholetewa ni namna ya mtu kujinyoa ndevu peke yake, kila asubuhi, bila hofu ya kujikata koo. Chombo kilicholeta mageuzi hayo ndicho ninachotaka tukizungumzie wiki hii, kwa sababu kimoja kiko mezani kwangu hapa Kunduchi.

Ni ile mashine ya kunyolea ya kutia wembe, yenye vipande vitatu: mpini, bamba lenye meno kama ya kitana, na kifuniko. Ni Gillette, iliyotengenezwa Uingereza. Ilikuwa ya babu yangu mzaa mama, aliyekuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alisema aliinunua kantini ya jeshi. Baada ya yeye kufariki ilikaa miaka mingi kwa mjomba ndani ya mkebe wa majani ya chai, hata mjomba akanikabidhi, na shauri lake juu: niipeleke kwa fundi aisugue kwa mashine mpaka ing'ae kama dhahabu, kisha tuiweke kabatini sebuleni wageni waione.

Shauri hilo nimelikataa, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza historia.

Mwaka 1901 Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, alianzisha kampuni ya kutengeneza mashine za namna hii. Wazo lake lilikuwa wembe mwembamba wa bei nafuu, wenye makali pande mbili, ambao ukiisha makali hunolewi bali hutupwa. Mafundi wengi walimwambia chuma chembamba kiasi kile hakiwezi kushika makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilizidi 90,000. Hesabu hiyo peke yake yatosha kuonyesha jinsi wanaume walivyochoka kungojea zamu kwa kinyozi.

Aliyeieneza hasa, hata hivyo, ni jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari alitakiwa kuvaa kinyago cha kuzuia gesi ya sumu, nacho hakishiki vizuri juu ya ndevu. Serikali ya Marekani iliwagawia askari wake mashine hizi kwa mamilioni. Waingereza nao (hili hunichekesha) walikuwa na kanuni ya jeshi iliyomkataza askari kunyoa sharubu zake, na hawakuifuta mpaka Oktoba 1916, vita vikiwa katikati. Baada ya hapo kidevu safi kikawa nidhamu, na nidhamu hiyo ikaja mpaka kwetu.

Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia Vita Kuu ya Pili. Kikosi cha Sita cha Keya, ambacho kilikuwa cha Tanganyika, kilipigana na Waitaliano huko Ethiopia mwaka 1941, na mwaka 1942 kikapelekwa Madagaska. Wengine walifika Burma mwaka 1944 na kupigana katika matope ya bonde la Kabaw. Msikilizaji wa Dar es Salaam anayepanda daladala kwenda Tegeta hupita kando ya kumbukumbu ya vita hivyo pasipo kujua. Kambi ya Lugalo zamani iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambapo Kikosi cha Sita kilipigana Mei 1941. Ni katika kambi hiyo maasi ya jeshi yalipoanza tarehe 20 Januari 1964. Baadaye ikapewa jina la Lugalo, kukumbuka Wahehe walivyowashinda Wajerumani mwezi Agosti 1891. Jina lilibadilishwa kwa haki kabisa. Lakini jina la Colito lilipoondoka, na wazee waliopigana Colito wakaanza kusahauliwa.

Basi babu akarudi Kunduchi, akavua samaki, na kila alfajiri akajinyoa kama aliyeamrishwa. Majirani hawakumwiga. Wembe wenyewe, ule wa karatasi, ulienea kila duka, lakini mpini haukuenea nao. Watu waliushika kwa vidole, au waliuvunja nusu, wakanyolea, wakakatia kucha, wakachongea penseli, wakafumulia nguo. Wembe mmoja ulizunguka nyumba nzima. Ugonjwa wa ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na redio ikaanza kuonya juu ya kuchangia nyembe, ndipo ilipodhihirika kwamba mtu mwenye mashine yake na wembe wake alikuwa mbele ya wakati.

Sasa tuje kwenye usafi. Hewa ya chumvi ya Kunduchi haina huruma. Mashine hii ni ya shaba nyeupe kwa juu kwa sababu ya utando wa nikeli, na pale utando ulipolika shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Ndani ya meno mlikuwa na sabuni ya miaka, imeganda kama chokaa. Bibi zetu wangeshika ukwaju na majivu, kama walivyosugua sinia za shaba. Kwa sinia ni sawa, maana ni shaba tupu na nene. Kwa kitu chenye utando, majivu hukwangua, na nikeli ikishatoka hairudi. Jiki ndiyo usithubutu kabisa.

Niliifungua vipande vyake, nikailoweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Asubuhi nikatumia mswaki mkuukuu, na kijiti cha kuchokonolea meno kwa mifereji ya mpini. Palipokuwa na kijani niligusa kwa pamba yenye maji ya ndimu, nikahesabu dakika moja, nikasuuza mara, kwani tindikali ikikaa hula shaba. Kisha dawa ya meno kidogo kwa kitambaa laini, spiriti ya kuua vijidudu, na tone la mafuta ya cherehani kwenye hesi.

Ni katika kupiga mswaki huko, chini kabisa ya mpini, zilipojitokeza tarakimu tano, zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Nilimpelekea mjomba. Alizisoma taratibu, kisha akazirudia bila kutazama. Wazee wa Keya hawakusahau namba zao. Babu aliitaja yake hata alipokuwa amekwisha kusahau majina ya wajukuu. Vyeti vyake vyote vya jeshi vililiwa na mchwa. Baadhi ya waliokufa vitani wana mawe yenye majina katika makaburi ya vita kando ya Barabara ya Bagamoyo. Waliorudi wana vitu kama hivi, ambavyo wanunuzi wa chuma chakavu huvipima kwa kilo. Mashine ya fundi ingeifuta namba ile kwa sekunde kumi. Hapa hapa Kunduchi, kwenye makaburi ya kale yenye minara, bakuli za Kichina zilizopambwa kwenye nguzo zimebanduliwa nyingi, na mtu akienda leo huonyeshwa mashimo.

Mjomba amenyamaza juu ya dhahabu. Ameuliza tu kama bado inanyoa. Umbo la tundu la wembe wa pande mbili halijabadilika tangu miaka ya 1930, kwa hiyo nilinunua wembe kwenye kibanda cha jirani, nikaupachika, nikatazama kama makali yametokeza sawa pande zote mbili. Yalikuwa sawa. Mjomba alilowesha ndevu, akaichukua yeye kwanza.