Bao la Kujifunza na Michezo Iliyohama Nasi

Bao hili lilivuka bahari likiwa limefungwa ndani ya doti ya kanga za bibi yangu. Wazee wetu waliondoka Unguja baada ya mwaka 1964, wakakaa Dar es Salaam miaka kadhaa, na Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nchi za nje warejee, wakaja Maskati. Mizigo yao ilikuwa michache. Kwamba katika uchache huo bibi alipata nafasi ya kipande kizito cha mbao chenye mashimo 32 ni jambo ambalo marehemu babu hakuacha kulitania mpaka mwisho wa umri wake. Naye bibi alijibu kila mara kwamba sufuria zinauzwa kila mji.

Mwaka jana nililishusha bao hilo kabatini kwa haja iliyonitia aibu kidogo. Mjukuu wangu wa miaka sita anaishi Manchester. Kiswahili anakisikia, lakini hukijibu kwa Kiingereza. Kungoja zamu hakuwezi, na akishindwa mchezo huupindua ubao na kwenda zake. Mama yake aliniomba nimtengenezee kitu cha kucheza kitakachomfunza adabu, subira na maneno ya kwetu kwa pamoja. Nilikubali kwa kiburi cha mstaafu, nikidhani kazi hiyo ni ya jioni mbili.

Nikachora njia ya viwanja 50 kutoka Forodhani hadi soko la Darajani. Mchezaji hurusha dadu na kusogea. Akiangukia kiwanja kilichoandikwa kwamba amemwamkia mzee, hupanda mbele viwanja sita. Akiangukia kilichosema amesema uongo, hurudi Forodhani. Nilipaka rangi, nikaandika kwa hati nzuri, nikasafiri nao wakati wa likizo. Mara ya tatu tu ya kurusha dadu, mjukuu akaangukia uongo. Akanitazama.

“Babu, lakini mimi sikusema uongo.”

Nikamwambia ni mchezo tu. Akauliza, kama si yeye, basi ni nani aliyeusema. Sikuwa na jibu, na mchezo wangu haukumaliza alasiri ile.

Niliporudi Maskati nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba kosa langu lina historia ndefu. Sisi tuliolelewa na ludo na nyoka na ngazi tulidhani ni michezo ya Wazungu, kwa kuwa tuliinunua dukani ikiwa imechapishwa kwa Kiingereza. Yote miwili ni wahamiaji kutoka Bara Hindi. Ludo ni mtoto wa pachisi, na ilisajiliwa Uingereza. Nyoka na ngazi ilitokana na gyan chaupar, ubao wa mafunzo ya dini ambao viwanja vyake vilikuwa na majina ya fadhila na maovu: ngazi zilimpandisha mchezaji kuelekea wokovu wa roho, nyoka wakamshusha, na kwa kawaida nyoka walikuwa wengi kuliko ngazi. Ulipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, wachapishaji waliubadilisha ufanane na malezi ya zama za Malkia Victoria. Bidii ikapandisha kwenye mafanikio, uvivu ukashusha kwenye ufukara, na ngazi zikaongezwa zilingane na nyoka. Baadaye hata maneno hayo yakaondolewa. Ubao tuliouchezea sisi ulibaki na picha za nyoka na tarakimu.

Hayo yalinifikirisha sana, kwa sababu sisi wenyewe ni watu tuliohama, na tunajua vitu vinavyodondoka njiani. Mafunzo ya ubao ule yaliandikwa juu yake, na kilichoandikwa juu hufutika. Mkono wa mtoto haukuwa na kazi nyingine ila kurusha dadu, na dadu haijui bidii wala uvivu. Katika asili yake mchezo ulizungumzia majaaliwa, kwa hiyo dadu ilikuwa na mahali pake. Mimi niliichukua dadu hiyo hiyo kumfunza mtoto kuwa mkweli.

Maria Montessori aliliona jambo hili mapema. Alipofungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, miongoni mwa vifaa alivyovitumia ni fremu za mbao zilizowambwa vitambaa viwili, vya kufungwa kwa vifungo au kwa kamba. Mtoto hufunga na kufungua. Hakuna anayemwambia kuwa amekosea, maana kifungo kilichobaki bila tundu humwambia.

Na hapo ndipo nikakumbuka kabati.

Bao la Kiswahili ni mchezo mgumu. Mashimo ni safu nne za manane, kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi, akizitia moja moja kwa kunamua mpaka ziishe. Ndipo awamu ya mtaji huanza. Mtoto hawezi kuyashika yote hayo kwa mara moja. Lakini wazee wetu hawakumwambia asubiri akue. Walikuwa na bao la kujifunza: kete mbili mbili katika kila shimo, mkononi hamna kitu, mchezo unaanza moja kwa moja. Sijui neno zuri zaidi la kuuita ubunifu huu kuliko huruma. Waliondoa awamu nzima, wala hawakugusa kilicho moyo wa mchezo, yaani kuhesabu kabla ya kugusa, kumtazama mwenzio amefanya nini, na kuona kete zako zikiliwa bila kuinuka.

Barazani bao lilikuwa la wanaume. Bibi yangu alijifunza kwa kaka zake, ndani, na akatufundisha ndani. Hakutuambia hata siku moja kwamba subira ni njema. Ukigusa kete kabla ya kuhesabu, alikulazimisha uicheze hiyo hiyo, hata kama inakuua. Ukipindua ubao, aliokota kete zote 64 mwenyewe, polepole, mbele yako, na kuzipanga upya mbili mbili. Nakumbuka sauti ya komwe zikiangukia mbao. Adhabu nyingine zote za utotoni nimezisahau.

Na bao halikupotea njiani. Tulipofika Oman tuliwakuta wenyeji wakicheza hawalis, ambao nao ni wa safu nne, mara nyingi katika mashimo ya mchangani, na kete mbili katika kila shimo kama bao la kujifunza. Babu alikaa nao siku ya pili tu ya kuwajua, na Kiarabu chake kikiwa bado kizito, mikono yake ilikwisha kuelewana na mikono yao.

Waliobaki pwani walilifanyia kazi jambo hilo kwa upana kuliko bibi yangu. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa walihofia kwamba watoto wao wanaingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mwalimu Bi Swafiya Said akaanza kazi ya kuingiza elimu ya awali katika madrasa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya papo hapo: vifuu, makombe, vizibo vya chupa, mbegu, mabaki ya vitambaa. Kutoka HighScope ya Michigan walichukua utaratibu wa mtoto kusema atacheza nini, kukicheza, kisha kueleza alichofanya. Mtoto aliyesema atafungua duka, akalifungua, akasimulia alichouza, amekwisha kupanga na kutimiza neno lake, wala hakuna kiwanja kilichomwandikia sifa hiyo.

Nilirudi Manchester majira ya baridi bila ubao wangu wa rangi. Tulikata trei mbili za mayai tukazigundisha ziwe na vishimo 32, tukatia maharage mawili mawili. Sheria ilikuwa moja ya nyongeza, kwamba kete huhesabiwa kwa Kiswahili kwa sauti, na ukikosea hesabu unarudia. Siku ya kwanza alipindua trei. Niliokota maharage yote, na kwa magoti yangu haya ilichukua muda. Aliniangalia mpaka harage la mwisho, lililojificha chini ya kochi. Hilo alilileta mwenyewe.

Sasa tunacheza kwa simu ya video kila Ijumaa, yeye na trei yake, mimi na bao la bibi, kila mmoja akipanga kete za wote wawili. Bado hukimbilia kugusa. Wiki iliyopita alinila kete tisa kwa mkupuo, akazihesabu moja hadi tisa bila kukwama, kisha akaniambia, “Babu, usiinuke.”

Jamaa zangu mnaosoma haya, kama kwenu watoto walifundishwa bao la kujifunza kwa sheria nyingine, au bibi zenu walikuwa na namna yao ya kumsahihisha aliyegusa kabla ya kuhesabu, niandikieni. Ningependa kuzikusanya kabla trei ya mayai haijachakaa.