Faras: Kanisa Lililotunzwa na Mchanga

Kila mwaka, tunapoanza mafundisho ya wakatekumeni, hatukosi mtu wa kuuliza: Ukristu uliwafikia lini Waafrika weusi? Wengi hujibu bila kusita kwamba uliletwa na wamisionari wa karne ya 19. Wachache hukumbuka ubatizo wa mfalme Nzinga Nkuwu wa Kongo, mwaka 1491. Hapo mazungumzo huishia. Tusiishie hapo. Twende kwenye ukingo wa mto Nile, kaskazini mwa Sudani, mahali paitwapo Faras.

Zamani mji huo uliitwa Pachoras. Nubia ilipokea Injili katika karne ya 6, na mwaka 707 askofu Paulos alilijenga upya kanisa kuu la mji. Wanubi walisali humo kwa Kigiriki, kisha pia kwa lugha yao wenyewe, ambayo walikuwa wameiandikia alfabeti yake. Falme zao za Kikristu zilidumu karne nyingi, zikadhoofika, zikaanguka. Mchanga wa jangwa ulijaa ndani ya kanisa mpaka likawa kilima. Watu wakajenga juu yake bila kujua kilichokuwa chini ya miguu yao.

Mwaka 1961 wataalamu kutoka Poland, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, walianza kukichimba kilima hicho. Muda ulikuwa mfupi: Misri ilikuwa ikijenga bwawa kubwa la Aswan, na maji yake yangefunika bonde lote.

Tujaribu kuiona siku moja ya kazi yao. Mchanga unaondolewa polepole, na kadiri unavyoshuka ndivyo nyuso zinavyotokea ukutani: kwanza paji la uso, kisha macho, kisha mkono ulioinuliwa. Hakuna anayeruhusiwa kuharakisha, ingawa wote wanajua kwamba maji yanakuja. Mtunzaji wa picha, Józef Gazy, anabandika karatasi nyepesi juu ya picha, anaipaka nta iliyochanganywa na utomvu, na kuipitishia pasi ya moto ili ishikamane na rangi. Halafu picha inakatwa kwa msumeno nyuma ya rangi, inatenganishwa na ukuta, inalazwa juu ya mbao na kufungwa katika sanduku. Mara nyingine, picha moja ikiisha kutolewa, nyingine ya kale zaidi inaonekana chini yake. Kufikia mwaka 1964, picha zaidi ya 120 zilikuwa zimeokolewa.

Mmojawapo wa watu waliochorwa humo ni askofu Petros, wa mwisho wa karne ya 10. Ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea, naye amevaa mavazi ya kiaskofu. Nyuma yake amesimama Mtume Petro, kama mzazi anayemsimamia mwanawe. Mchoraji hakuona sababu ya kumbadilisha askofu wake rangi ili apate kusimama karibu na Mtume. Yupo pia Mtakatifu Anna, kidole midomoni, kana kwamba anasali kimyakimya.

Lakini kwetu sisi wakatekista, maandishi yanagusa moyo kuliko hata picha. Katika kidaka kimoja cha ukuta kuliandikwa majina ya maaskofu 27 waliofuatana, pamoja na miaka ya utumishi wao. Orodha hiyo ndiyo iliyowasaidia wataalamu kujua umri wa picha nyingi. Na kandokando ya picha, waamini waliokuja kusali walikwaruza majina yao na maombi mafupi. Falme zilikwisha, lakini majina ya watu hao bado yanasomeka.

Historia hii ina uchungu wake pia. Picha ziliokoka, lakini kanisa lenyewe lilizama. Wanubi wa Sudani wapatao 50,000 walihamishwa mbali na mto wa babu zao. Picha 67 ziko katika jumba la makumbusho la taifa huko Warsaw, na nyingine zilipelekwa Khartoum. Mwaka 2023 vita vilifika Khartoum, na jumba la makumbusho la huko likaporwa. Sisi tunaoishi karibu na vita hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mchanga ulitunza kwa karne nyingi vitu ambavyo wanadamu wameshindwa kuvilinda hata miaka 60.

Basi, ndugu wapendwa, tujiulize. Katika parokia zetu, ni nani aliyeandika majina ya wakatekista wa kwanza, wale waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kabla padri hajafika? Daftari za ubatizo ziko wapi, na ni nani anayezikinga na mvua, mchwa na moto? Wazee wanaokumbuka bado wako nasi, lakini kila mwaka tunawazika wengine.

Tusingoje wataalamu watoke mbali. Jumapili hii, baada ya Misa, tukae na mzee mmoja wa shirika letu, tumwulize ni nani aliyemfundisha sala za kwanza, na tuliandike jina hilo.