Nairobi Half Life: Muvi ya Bajeti Ndogo Iliyotuchekesha Halafu Ikatunyamazisha

Kama umekulia Dandora, Kariobangi, Kayole ama Umoja, kuna chance kubwa umeona Nairobi Half Life zaidi ya mara moja. Na kuna chance kubwa zaidi hujawahi kuilipia tiketi ya sinema. Usijali, hakuna mtu anakushika leo. Hapa tunakupea stori yote: nani aliitengeneza, ilitengenezwa aje, ilipokelewa aje, na mbona mpaka wa leo ukiitaja kwa base lazima msee mmoja aanze kuongelea ile choo.

Kwa ufupi

Mwaka: 2012
Dairekta: David "Tosh" Gitonga
Waandishi: Serah Mwihaki, Charles "Potash" Matathia, Samuel Munene na Billy Kahora
Waigizaji wakuu: Joseph Wairimu (Mwas), Olwenya Maina (Oti), Nancy Wanjiku Karanja (Amina), Mugambi Nthiga (Cedric)
Lugha: Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kizungu kidogo
Urefu: kama saa moja na nusu hivi

Stori inahusu nini

Mwas ni kijana wa ushago anauza DVD za muvi za majuu. Hauzi kwa kupiga kelele tu, anakuigizia scene nzima mpaka unatoa doh. Ndoto yake ni kuwa actor. Siku moja kikundi cha waigizaji kutoka Nairobi kinakuja mahali anaishi, na mmoja wao anamwambia atamsaidia akitoa 1,000. Mwas ako na 500 tu. Anaambiwa zile zingine alete Nairobi, pale National Theatre.

Ushaona hapo kwanza ngori imeanza. Njiani anapitia kwa binamu yake, ambaye anampea radio ya bei apeleke duka fulani tao. Anashuka Nairobi, na siku hiyo hiyo anaibiwa kila kitu. Kabla jua lizame, karao wamemnasa pia, na analala seli bila kosa. Huko ndani ndiko anapatana na Oti, na Oti ako na mbogi yake. Kazi yao ni kung'oa vitu za gari: taa, side mirror, chochote kinaweza kutoka haraka. Kama umewahi kupoteza side mirror kwa jam halafu ukaenda kununua ingine Kirinyaga Road, ukaiangalia vizuri ukaona ni kama mnajuana, hiyo part utaielewa bila kuelezewa.

Sasa hapo ndipo maisha yanagawanyika. Mchana Mwas anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza na Phoenix Players, kikundi cha ukweli kabisa cha theatre hapa Nairobi. Usiku ako na mbogi. Na mchezo wenyewe unahusu nini? Wezi. Kwa steji anajifanya mwizi na watu wanampigia makofi. Kwa barabara ni mwizi kabisa na anatafutwa. Hiyo ndiyo half life, nusu huku, nusu kule, na hakuna nusu inajua ingine inafanya nini.

Ilitengenezwa aje

Usifikirie ni studio kubwa ilikuja na malori ya pesa. Filamu ilitoka kwa warsha. Dairekta wa Ujerumani Tom Tykwer, yule wa Run Lola Run, na Marie Steinmann walianzisha mradi unaitwa One Fine Day Films, wakashirikiana na kampuni ya hapa Nairobi, Ginger Ink. Mpango ulikuwa simple: vijana wa Afrika wanaotaka kutengeneza filamu wanakuja Nairobi, wanafunzwa kuandika, kushika kamera, kurekodi sauti na kuhariri, halafu muvi inatengenezwa na wao wenyewe, walimu wakisimama kando kuwashikilia.

Ya kwanza ilikuwa Soul Boy, ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera. Nairobi Half Life ikafuata. Tosh Gitonga hakuwa jina kubwa wakati huo. Alikuwa amefanya kazi kama msaidizi wa dairekta kwa filamu za watu wengine, na hii ndiyo ilikuwa filamu ndefu yake ya kwanza. Joseph Wairimu naye hakuwa sura unaijua kutoka TV.

Bajeti ndogo ilionekana kwa njia poa. Badala ya kujenga Nairobi ya uongo, waliingia Nairobi yenyewe. Matatu ni matatu, vumbi ni vumbi, na watu wanaongea vile watu wanaongea. Waandishi hawakusafisha Sheng ndio mzungu aelewe. Kama haelewi, kuna maandishi chini ya skrini.

Mbona tunaiita komedi nyeusi

Ukiangalia mahali imeandikwa rasmi, utaambiwa ni drama ya uhalifu. Sawa. Lakini nenda uone watu wa mtaa wakiiangalia. Wanacheka kutoka mwanzo. Wanacheka Mwas akiibiwa. Wanacheka akiambiwa aoshe choo ya seli, na vile ile choo iko, hata wewe utafunika pua na bado unacheka.

Komedi nyeusi ni hiyo: kucheka kitu ambacho kama kingekupata wewe ungelia. Na sisi hatukufunzwa na Wajerumani. Mtu anakufa, tunaweka disco matanga. Mtu anaibiwa viatu, jina lake kwa mtaa linabadilika anaitwa "Peku" mpaka azeeke. Hatucheki juu ni poa. Tunacheka juu ukinyamaza itakumaliza.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa class seven, kwa video ya mtaa hapa Dandora, kibanda cha mabati, mabenchi na TV moja. Scene ya choo, kibanda kilitetemeka. Halafu ikafika ile sehemu ya karao na mbogi kwa mwisho. Sitakueleza yote kama hujaona, lakini hakuna kortini, hakuna wakili, hakuna kitabu ya OB. Kibanda kikanyamaza ghafla. Msee mmoja kwa benchi ya nyuma akasema polepole, "Hiyo ni kama ya Jumatano." Hakuna mtu alimuuliza Jumatano gani. Wote tulikuwa tunajua.

Hiyo ndiyo sababu hii muvi iligusa Eastlands kuliko mahali pengine. Mwaka 2009, mjumbe wa UN Philip Alston alikuja Kenya kuchunguza, akasema mauaji ya polisi bila kesi ni jambo limeenea. Miaka mitatu baadaye, muvi ikaweka hayo mambo kwa skrini, na ikafanya kitu ngumu: kwanza ikakufanya ucheke na hao vijana, uwajue kwa majina, ujue nani anapenda nani. Kwa habari ya saa moja wangekuwa tu "washukiwa wanne". Hapa ni Oti na mbogi yake, na umewacheka saa nzima, so huwezi jifanya huwajui.

Ilipokelewa aje

Julai 2012 ilionyeshwa kwa tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini, na Joseph Wairimu akabeba tuzo ya muigizaji bora. Mwaka huo huo ikashinda tuzo ya watazamaji kwa AFI Fest kule Los Angeles. Hapa nyumbani iliingia sinema, na watu wakajaa kuona filamu inaongea kama wao.

Halafu ikaja ile kubwa. Kenya iliichagua kupelekwa Oscar, kitengo cha filamu za lugha ya kigeni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchi hii kupeleka filamu kwa hicho kitengo. Haikupita kuingia orodha ya mwisho, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kuna wenye hawakufurahi pia, na wako na point. Wanauliza, mbona kila ghetto ikiingia kwa filamu lazima iwe na bunduki? Mbona pesa ya wageni hupenda stori zetu za damu? Ni swali la haki. Dandora pia ni mahali Kalamashaka walitoka, ni watu wanaamka saa kumi kwenda job. Jibu langu ni kwamba Mwas hakuja Nairobi kuiba. Alikuja kuigiza, na muvi haikuachi usahau hiyo.

Wako wapi saa hii

Tosh Gitonga aliendelea, akafanya Disconnect mwaka 2018, ambayo ni komedi ya mapenzi, haina damu. One Fine Day nao wakatoa Something Necessary, Veve, Kati Kati na Supa Modo, na ukiangalia hiyo orodha utaona nusu ya majina makubwa ya filamu Kenya yalipitia hapo. Olwenya Maina, Oti wetu, alituacha Septemba 2022. Siku hiyo mtandao ulijaa picha zake, na wengi waliandika "Oti" tu, bila jina lingine.

Kama hujaiona, itafute. Na kama uliiona ukiwa mdogo, irudie. Mimi niliirudia mwaka nilioacha college, wakati mathe bado alikuwa anajua niko class na mimi niko cyber naandikia watu stori za mia mbili. Mara ya kwanza nilicheka choo. Mara ya pili nilimwangalia Mwas akitoka kwa mbogi akikimbia mazoezi, jasho bado iko usoni, akijaribu kukaa kama mtu ametoka nyumbani, na nikajua hiyo sura. Nilikuwa nayo kila jioni nikifungua mlango wa kwetu.